Kinanda Kilichonyunyiziwa Maji ya Baraka

Mimi ni mwimbaji maarufu. Nalisema mapema kwa sababu ukikutana nami njiani nimevaa kandambili, ndoo ya maji kichwani, hutadhani. Umaarufu wangu unaanzia Keza nilikozaliwa, unapita Mbuba, unashika Ngara mjini, unaingia wilaya ya Biharamulo kwa kishindo, na ukifika Nyamahanga unaanza kuchoka. Mbele ya hapo mimi ni mwanamke tu aliyebeba mzigo mrefu, na makondakta wa mabasi huniuliza kama ndani mna ubao wa kupigia pasi.

Mzigo huo ni kinanda. Naimba na kupiga kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu wa kwetu huliona la ajabu kuliko kuimba kwenyewe. Wazee husogea karibu waangalie vidole. Mmoja aliwahi kuniinamia harusini nikiwa katikati ya ubeti, akaniuliza, "Mwanangu, mkono wa kushoto unajuaje kilichosemwa na wa kulia?" Nilimjibu kwa kuendelea kuimba, maana sikuwa na nafasi nyingine.

Nilianzia kwenye kwaya kama kila mtu. Sista mmoja wa pale Mbuba aliniona nikigongagonga vidole kwenye benchi wakati wa mahubiri. Nilitegemea kufinywa. Badala yake alinisubiri baada ya Misa, akaniketisha kwenye kinanda cha parokia na kuniambia kwamba mikono isiyotulia ni afadhali ipewe kazi. Alinifundisha kwa do-re-mi za ubaoni, na kila nilipokosea alifumba macho kama mtu aliyeuma ndimu. Alifumba macho mwaka mzima. Baadaye akaanza kuyafungua kidogokidogo, nami nikajua kuna dalili.

Harusi ya kwanza niliipiga kwa sababu mpigaji aliyekodiwa hakutokea. Walikuja kunichukua shambani nikiwa na tope mpaka magotini, wakanipa gauni la shemeji wa bwana harusi, na nikapiga nyimbo za Kwaresima kwa mdundo wa kuchezeka, kwani hizo ndizo nilizozijua. Watu walicheza. Tangu siku hiyo sijapata Jumamosi ya kupumzika. Baadaye nilikwenda Mwanza kurekodi wimbo wangu mwenyewe, unaohusu mwanamume anayeahidi kupiga simu na hapigi. Fundi wa studio aliisafisha sauti yangu mpaka nikashindwa kuitambua, lakini vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye simu viliupokea vizuri, na ndani ya msimu mmoja ukawa mlio wa simu ya kila mtu. Padre mmoja ulimlilia ndani ya kanzu katikati ya mahubiri ya uaminifu. Alihangaika na mifuko yake huku mimi nikimlalamikia kutoka humo humo, na waumini wote wakanigeukia, kana kwamba mimi ndiye niliyempigia.

Kwa hiyo umaarufu nimeuonja. Muuza nyanya huniongezea moja kubwa, halafu anadai kiitikio. Nesi wa zahanati aliwahi kunichoma sindano akiimba wimbo wangu, tena alikosea sauti, na sikuweza kumrekebisha kwa hali niliyokuwa nayo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kujali, naye ni mama yangu.

Mama anaishi Keza, peke yake na ng'ombe wake wawili, katika nyumba tuliyokulia. Ameimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango tangu kabla sijazaliwa, na bado anaimba. Mimi nimepanga chumba Ngara mjini ili niwe karibu na barabara, na kwake napita nikitoka kwenye sherehe, mara nyingi nikiwa na haraka ya kuwahi nyingine. Kila nikifika ananiuliza maswali yaleyale. Walikula nini? Bibi harusi alivaaje? Mama mkwe alilia au alijikaza? Keki ilikuwa na ghorofa? Nikisubiri aniulize nilipiga nini, anakwenda kumkamua ng'ombe. Hakuwahi kuja kwenye sherehe yangu hata moja. Nilijiambia kwamba anauona muziki wa harusini kuwa upuuzi, na jambo hilo lilinikera kuliko ninavyopenda kukiri. Ukumbi mzima ungesimama kunipigia makofi, nami ningekuwa naangalia mlangoni kama mtu anayemsubiri mdeni wake.

Hali ilikuwa hiyo mpaka ilipofika Misa ya mavuno.

Kigango chetu ni kanisa dogo ambalo padre hulifikia kwa zamu. Siku nyingine tunaongozwa na katekista, ambaye tunamwita Mwalimu. Siku ya mavuno kila mtu huleta alichojaliwa: mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, kuku, mbuzi. Vinapelekwa altareni kwa kucheza, padre anavinyunyizia maji ya baraka, na baada ya Misa vinanadiwa nje kwenye nyasi. Zipo sheria mbili ambazo Mwalimu anazilinda kwa ukali ambao amri kumi hazijawahi kuupata. Ya kwanza, kilichonyunyiziwa ni mali ya kigango, hakirudi. Ya pili, mtoaji haruhusiwi kununua alichokitoa, wala mtu wa nyumba yake. Hii ya pili aliisababisha bwana mmoja aliyekuwa akitoa jogoo kwa mbwembwe kila mwaka, kisha akimnunua tena kwa bei ya yai. Jogoo yule alibarikiwa mpaka akafa kwa uzee.

Jumapili hiyo nilikuwa na harusi Nyamahanga alasiri. Haikuwa ya Jumamosi kama kawaida kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshachukuliwa. Nikaona nipige Misa kwanza, niwaridhishe watu wa nyumbani, kisha niondoke. Nilipiga mpaka mwanzo wa vipaji, wakati wa kupeleka matoleo. Kuanzia hapo ngoma zilichukua nafasi, nami nikakifunga kinanda kwenye kitenge kipya na kukizungushia utepe mwekundu, kwa vile wenye harusi walitaka kila kitu kiwe na utepe. Nikatafuta mahali pa kukiweka. Pembe moja ilikuwa na mbuzi. Nyingine ilivuja. Nikakiweka penye ukavu, chini ya ngazi za altare, nikatoka nje kupiga simu ya usafiri.

Simu ilichukua muda. Niliporudi, watu walikuwa wanatoka, na akina mama wa kanisa walikuwa wameshapanga kila kitu kwenye mkeka nje. Kati ya mkungu wa ndizi na debe la karanga kililala kinanda changu, na utepe wake, kimependeza kuliko zawadi zote.

Nilimkimbilia Mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo. Kile ni kinanda changu!"

"Marahaba. Nakijua. Umetoa vizuri sana, Mungu akuzidishie."

"Sikukitoa. Nilikiweka tu."

"Ulikiweka wapi?"

"Pale chini ya altare."

"Kimenyunyiziwa?"

Kitenge kilikuwa na matone makubwa ambayo hata kipofu angeyagusa. "Kimenyunyiziwa," nikasema.

"Sasa unataka tumwambie nini Mungu? Achukue tena baraka zake?"

Nilikwenda kwa padre, aliyekuwa ameshakaribishwa chakula nyumbani kwa Mwalimu. Alicheka mpaka paja la kuku likamponyoka. Akasema yeye pale ni mgeni, sheria ni za kigango, na kwamba katika miaka yake ya upadre hajawahi kubariki kitu chenye betri.

Nikarudi mnadani. Mnadi wetu ni mfanyabiashara wa mitumba wa Ngara mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na wote tunamwita Ami. Kigango humwazima kila mwaka kwa sababu hakuna Mkristo mwenye koo kama lake. Nilimsihi akiruke kinanda. Alinitazama kwa huruma ya kweli, mkono kifuani.

"Binti yangu, mimi humu ni mtu wa kuazimwa. Nikianza kuchagua vya kunadi, mwakani hawaniiti. Wewe omba dua, na mimi nitakinadi polepole."

Na kweli alikinadi polepole. Alikisifu mpaka mwenyewe nikataka kukinunua. Kiongozi wa kwaya alinyoosha mkono kunisaidia, akaupandisha tena, kisha bei ikamshinda, akaushusha. Hapo ndipo aliposimama mwenye ukumbi wa Nyamahanga. Mkewe ni wa kigango chetu na alikuwa amekuja kwa wakwe. Bwana huyu alikuwa ananisumbua siku nyingi nihamie kwake, niwe napiga ukumbini kila mwisho wa wiki, nilale hukohuko. Nilikuwa nakataa kwa heshima. Sasa akataja bei, akatazama huku na huko, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kinanda kikikaa kwangu, mpigaji atakifuata mwenyewe."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Midundo yote niliyoitengeneza kwa miaka imo ndani ya kile kinanda, na fedha za kununua kingine sikuwa nazo. Kikienda Nyamahanga, na mimi ningehamia Nyamahanga, na hata kule kupita kwa mama kwa haraka kungekwisha. Niliwaza hivyo na nikaogopa.

"Mara ya kwanza," Ami akaita, akivuta maneno kama mpira. "Mara ya pili. Jamani, mara ya pili ndefu hii..."

"Mtamba wangu."

Sauti ilitoka kwa akina mama waliokaa kwenye nyasi. Alikuwa mama. Hakuwa hata amenyoosha mkono. Alikuwa anamenya karanga.

"Mama unasemaje?" Ami akauliza.

"Nimesema mtamba wangu. Yule mwekundu. Unamjua, mwaka jana ulitaka kumnunua nikakataa."

Ami akavua kofia. "Wallahi namjua. Nilimwota wiki nzima." Akamgeukia mwenye ukumbi. "Bwana mkubwa, una ng'ombe?"

Mwenye ukumbi alikuwa na pikapu, lakini ng'ombe hakuwa naye, na kwetu fedha ikisimama mbele ya mtamba ambaye bado hajazaa huwa inaona aibu. Akakaa. Hapo Mwalimu akanyanyua mkono.

"Samahani mama, sheria. Mtoaji ni binti yako. Mtu wa nyumba moja hanunui."

Mama akasimama taratibu, akakung'uta maganda kwenye kanga.

"Nyumba moja na nani?"

"Na huyu binti yako."

"Huyu?" Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. "Mwalimu, wewe si unapita kwangu kila wiki? Umewahi kumkuta? Huyu anakula kwenye harusi, analara kwenye harusi. Nyumba yangu ina mimi na paka. Kama paka ndiye ametoa kinanda, nitakaa chini."

Watu walianguka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alijikaza, akashindwa, akageukia ukuta wa kanisa mabega yakitikisika. Na mimi nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli tupu, na kilikuwa kimesemwa mbele ya kigango kizima. Kiliniuma. Ami aligonga debe la karanga mara ya tatu, na kinanda kikawa cha mama.

Nilimfuata kwa shukrani zote. "Asante sana mama. Mungu akubariki. Nipe niwahi, saa imekwenda."

"Nikupe nini?"

"Kinanda, mama."

"Kinanda changu?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekikumbatia, na utepe wake umemgusa kidevu.

"Mama, nina harusi Nyamahanga. Watu wananisubiri."

"Kitakwenda," akasema. "Sijakataa. Harafu kitarudi kikae Keza, na ukikitaka utakuja kukichukua, ukae unywe chai. Ila leo hakiendi peke yake. Ngoja nibadilishe gauni."

Aliyetubeba ni mwenye ukumbi, maana gari nililolipigia simu halikutokea. Alikuwa amenuna. Mama alikaa mbele na kinanda chake mapajani. Mimi nilikaa nyuma na mikungu ya ndizi ambayo yule bwana aliinunua mnadani, pamoja na mbuzi mmoja ambaye hakuniheshimu kabisa kama msanii wa hadhi yangu. Kupitia kioo nilimwona mama akiongea tangu Keza, mikono ikipanda na kushuka. Tulipoingia Biharamulo yule bwana alikuwa anacheka, amesahau kununa. Mimi nilikuwa bado na donge langu. Nilikuwa najiuliza anakuja kufanya nini, mtu ambaye hajawahi kuniuliza hata jina la wimbo.

Ukumbini, yule bwana alizunguka nyuma kushusha ndizi, akatuacha mlangoni. Pale alisimama mwanakamati mmoja amevaa suti yenye mikono mirefu kuliko yake. Harusi za siku hizi unazijua: aliyechanga anapewa kadi, na asiye na kadi haingii hata kama amemzaa Askofu.

"Dada, pita, pita, wanakusubiri!" akaniambia. Kisha kwa adabu, "Shikamoo mama. Kadi?"

"Marahaba, baba. Sina."

"Basi mama, utanisamehe..."

Nilifungua mdomo nimpashe. Lakini mama alikuwa ameshanikabidhi kinanda, bila hasira wala mshangao, na alikuwa anatembea kando ya ua wa michongoma, akiangalia chini kama mtu anayechagua mahali. Akapata, akatandika kanga yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakaa. Nenda kafanye kazi. Nilidhani mwenye kinanda watamruhusu, lakini siyo neno. Hapa pazuri, hapana jenereta. Kule Mbuba huwa nakaa karibu na jenereta, linanisumbua sana ukishusha sauti."

Sikuelewa mara moja. "Kule Mbuba lini?"

"Ukipiga Mbuba. Na Ngara mjini, nyuma ya ule ukumbi wenye mabati ya kijani. Napanda pikipiki, narudi kabla hujafika nyumbani." Aliona uso wangu, akapunguza sauti. "Mara ya kwanza niliombwa kadi nikawa sina. Nikaona nikisema mimi ni mama yake, watacheka kwamba mama wa mwimbaji amesimamishwa mlangoni. Nikazunguka nyuma. Kusikia, mwanangu, nimekusikia nyimbo zote. Mkono wako wa kushoto unachelewa ukichoka. Kanisani nakuona, ila harusini nilikuwa sijakuona, na leo nilitaka nikuone."

Nililia palepale, na wanja wote niliojipaka kwa ajili ya harusi ukashuka mashavuni. Mama akaanza kunifuta na ncha ya kanga, akinigombeza kwamba nitaonekana kama nimetoka msibani.

Nikarudi kwa yule wa suti. Nikamwambia kinanda ni cha yule mama aliyekaa kwenye nyasi, kwamba asipoingia yeye kinanda hakiingii, na kisipoingia kinanda mimi narudi Keza na mbuzi. Alikwenda ndani mbio. Alirudi na mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti alikuwa amebeba kiti.

Walimkalisha mbele kabisa, upande wa keki. Alikaa wima, mikono magotini, akanikazia macho. Bibi harusi anisamehe, maana shughuli ilikuwa yake, lakini siku ile nilimwimbia mama tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na mkono wangu wa kushoto haukuchelewa hata mara moja.